Mwenye Mwendo Mdogo Atangulie

Nikuulize swali msomaji wangu, na ujibu kwa ukweli, hakuna anayekusikia. Ukitoka na mwenzio kwa miguu, yeye huwa wapi? Mbele yako, nyuma yako, au ubavuni?

Wangu huwa mbele. Tangu enzi za uchumba. Tukienda Kariakoo anapenya watu kama sindano, mimi nabaki nyuma nimekumbatia mkoba, naangalia kisogo chake kikipotelea kwenye mabeseni ya nyanya. Nikimkuta dukani anatabasamu na kuuliza, "Mbona unachelewa?" Miaka minne ya ndoa nimekuwa nikicheka. Septemba iliyopita, huko Kasulu, sikucheka.

Wale wa siku zote mnajua kwamba mimi na mume wangu tunaishi ndoa ya mbali. Yeye kazi yake iko Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma. Mimi niko benki hapa Dar. Tunaonana kila baada ya miezi mitatu, tukijitahidi sana miwili, na katikati ndoa inalelewa na bando la simu. Makubaliano yetu yalikuwa ya wazi: miaka miwili, halafu anarudi nyumbani. Miaka hiyo ilikuwa inaisha Desemba. Mimi nilishaanza hata kuangalia rangi ya mapazia.

Basi siku ya pili tangu nifike, natafuta chaja kwenye droo yake, nakutana na mkataba. Mpya. Miaka miwili mingine. Umesainiwa Julai. Na Agosti huyu bwana alikuja Dar wiki nzima, akala pilau yangu, akalala kitandani kwangu, asiseme neno.

Sitasimulia yaliyosemwa usiku ule. Itoshe kusema majirani wa Kasulu sasa wanaijua sauti yangu. Baada ya hapo tukanyamaza siku mbili. Unaujua ukimya ule wa "chai iko mezani" na "asante"? Huo.

Safari ambayo hatukuweza kuiahirisha

Tatizo ni kwamba Jumamosi ile tulikuwa tumeshaahidi. Baba yake mfanyakazi mwenzake ni mrina asali katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Kibondo. Alikuwa amesema shemeji akija kutoka Dar ampeleke akaone msitu, wazunguke naye mizinga, warudi kula chakula cha mchana. Sasa utampigia mzee wa watu umwambie hamji kwa sababu mmenuniana? Tukaenda.

Asubuhi ya Kasulu, kwa mtu wa Dar, ni ya sweta. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na vilima vyake havina haraka, vinapanda na kushuka taratibu. Tulipita Makere. Ukanda huu umebeba mengi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo, na kuanzia mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu. Watu wengi hivyo wanahitaji kupika, na kupika huku ni kuni, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Kuna sehemu unaona wazi jinsi miti ilivyopungua. Ukiendelea mbele, msitu unarudi.

Tulipofika hatukuingia msituni moja kwa moja. Kwanza salamu, na salamu za Waha si "mambo" na "poa". Ni ndefu, zina makofi ya taratibu, unaulizwa habari za nyumbani, za wazazi, za safari, za kazi, na wewe unauliza zote hizo. Nilisimama pale kando ya mume ambaye sikuwa nimemuuliza habari za asubuhi, nikapiga makofi na kumuulizia afya mtu ambaye ndiyo kwanza namwona. Aibu ilinipata kidogo.

Halafu ofisi ya kijiji. Tuliandika majina kwenye kitabu cha wageni, mtendaji akajua tuko akina nani na tunaenda na nani. Usiruke hatua hii. Tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vijiji vinaweza kutenga na kusimamia misitu yao vyenyewe. Kwa hiyo msitu ule una mwenyewe, kama sebule yako ilivyo na mwenyewe.

Sheria ya Mzee

Njia yenyewe haikuchorwa kwa ajili ya watalii. Ni njia ya mizinga. Mzee anatoka nyumbani kwake, anapita mzinga mmoja hadi mwingine, kumi na minne yote, na wa mwisho unamrudisha nyuma ya jiko lake. Ni mduara kamili, kama kilomita sita. Hakuna mlima wa maana: unashuka kidogo kwenye kijito kilichokuwa karibu kukauka, unapanda taratibu, basi. Anayepanda ngazi za ofisini hadi ghorofa ya nne bila kusimama anaiweza.

Kabla hatujaanza alitukagua. Alinisogelea mimi, akavuta pumzi.

"Mama, umejipaka nini?"

Manukato, Mzee. Yale mazuri, ya mitoko.

"Nyuki hawayapendi. Kanawe shingo."

Nikanawishwa shingo kama mtoto wa chekechea, mama mwenye nyumba akaniletea kitenge nijifunike. Nikaona mume wangu anazuia kicheko. Mzee akamgeukia yeye. Alikuwa na jinzi ya bluu na fulana nyeusi.

"Na wewe mbung'o watakupenda."

Hakuwa anatania. Mbung'o huvutiwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Uha iliteswa sana na mdudu huyu. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu na kuwakusanya sehemu moja moja kwa sababu ya malale. Kwa ufupi, mume wangu alikuwa mtego unaotembea. Alipoumwa mara ya kwanza alipiga yowe. Sasa aliyezuia kicheko nilikuwa mimi.

Tukaanza. Na mwenzangu, kama kawaida yake, mguu mmoja, miwili, yuko mbele. Mzee akasimama.

"Hapana. Humu anatangulia mwenye mwendo mdogo. Mwenye nguvu anakaa nyuma."

Akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga mlango. Msituni njia zinagawanyika: hii ya ng'ombe, hii ya kuni, hii ya mizinga. Mwenye nguvu akitangulia anapotea kwenye kona, yule wa nyuma anashika njia isiyo yake, na hakuna anayejua mpaka jioni. Mwenye mwendo mdogo akiwa mbele, hapotei mtu. Basi tukapangwa: Mzee, mimi, mume wangu mwisho. Mara ya kwanza katika miaka minne.

Miti inayoona haya

Kama hujawahi kuingia miombo, futa picha ya msitu wa giza wa kwenye sinema. Miti imeachiana nafasi, jua linapita, unaona mbali. Na Septemba kuna jambo ambalo sikulitegemea. Mvua bado, ardhi kavu kama biskuti, lakini miti inatoa majani mapya. Na siyo kijani! Mekundu, ya shaba, mengine ya waridi, kama vile miti inaona haya. Yanageuka kijani siku zinavyokwenda. Nilimuuliza Mzee maji ya kazi yote hiyo yanatoka wapi wakati mvua haijanyesha. Akagonga ardhi kwa fimbo. Mizizi imekwenda chini, alisema, na mti uliweka akiba yake.

Mizinga yenyewe ni magogo yaliyochongwa na kutobolewa ndani, yamelazwa juu kwenye panda za miti. Alikuwa anakagua ipi ina nyuki, ipi imehamwa, ipi imeoza na inahitaji kubadilishwa kabla ya mvua. Hatukurina. Asali hurinwa jua likishazama, kwa moshi, na si kazi ya wageni wenye shingo za kunawishwa.

Karibu na mzinga wa tano alinionyesha mti wenye jeraha. Utomvu umetiririka na kukauka, mwekundu kama damu.

"Huu ni mninga."

Nilisimama. Kitanda chetu cha Dar ni cha mninga. Tulikinunua mwezi mmoja kabla ya harusi, tukabishana bei Keko mpaka jioni, na mimi ndiye niliyesema sitaki mbao nyingine yoyote. Sikuwahi kuuona mti wake umesimama. Mzee akaniambia huu anaufahamu tangu yeye ni kijana, na unene alioukuta nao haujatofautiana sana na wa sasa. Mninga haukimbii. Ule wa kutoa mbao nzuri umekaa msituni miongo mingi kuliko umri wangu.

Niligeuka kumwonyesha mume wangu. Nilisahau kwamba tumenuniana. Akaja, akagusa lile jeraha, akanusa kidole. Hakusema kitu, lakini alibaki amesimama karibu.

Mzinga wa saba

Sasa mimi, mjini kwangu, nilikuwa nimevaa raba mpya. Makosa. Tulipofika mzinga wa saba kisigino kilikuwa kinawaka moto. Nikakaa juu ya gogo nikavua kiatu, na malengelenge haya hapa, yamepasuka.

"Mzee, turudi tu."

Akanitazama bila haraka. "Huu ni wa saba, mama. Kurudi ni mizinga saba. Kwenda mbele ni mizinga saba. Chagua mwenyewe." Kisha akasema anaenda kuangalia mzinga ulioko kule pembeni, akachukua muda mrefu sana. Mpaka leo sijui kama kweli kulikuwa na mzinga kule pembeni.

Tukabaki wawili. Mume wangu akachuchumaa, akatoa leso mfukoni, akaanza kukifunga kisigino. Huku anafunga, bila kuniangalia, akasema:

"Niliogopa utasema hapana."

"Kwa hiyo ukaona usiniulize kabisa."

"Ndiyo."

Kusema kweli nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga siku mbili, ina aya na vifungu. Ningeitoa yote pale na ningeshinda. Lakini nilikuwa na kitu changu pia, na kwa kuwa safu hii siku zote nimewaambia nyie muwe wakweli, hebu na mimi niwe.

Mwezi Mei bosi wangu aliniita. Kulikuwa na nafasi tawi la Kigoma. Kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu si safari ya kutisha. Ijumaa jioni unatoka kazini, usiku uko kwa mumeo. Nilisema hapana. Nilisema palepale, sijakaa hata dakika kumi. Mama yangu yuko Dar, marafiki zangu, saluni yangu, maisha yangu. Na sikumwambia mume wangu. Nilijiambia hakuna haja, kwani si anarudi Desemba?

Nikamwambia pale juu ya gogo.

Mikono yake ikasimama. "Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alimalizia kufunga leso, akakaa chini kwenye majani makavu, na kwa muda tukasikiliza nyuki wa mzinga wa saba. Kila mmoja wetu alikuwa ametangulia kivyake, akakata kona, na kumwacha mwenzake nyuma akidhani wako njia moja.

Mzee alirudi. Tukachagua mbele.

Mizinga saba ya mwisho nilichechemea, na hakuna aliyenipita. Mahali fulani baada ya wa kumi, mume wangu akasema nyuma yangu, "Kumbe ukitembea unaangalia juu."

"Vipi?"

"Sijawahi kukuona unavyotembea. Siku zote uko nyuma yangu."

Nikaendelea kuangalia juu ili asione uso wangu.

Nyuma ya jiko la Mzee tulikuta maharage yaliyoungwa kwa mawese na ugali wa muhogo. Nilikula kama mtu aliyepanda Kilimanjaro.

Mto unaozunguka

Kesho yake alikuwa na kazi ndogo Kibondo, nikaenda naye. Njiani mnavuka Malagarasi, na alinisimulia jambo ambalo sijalisahau. Mto huu unaanzia karibu na mpaka wa Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika. Ungeteremka tu moja kwa moja ziwani, kazi ingekwisha. Badala yake unaondoka kuelekea kaskazini na mashariki, unageuka kusini, unapita kwenye ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ile ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, kisha unarudi magharibi kulitafuta lile lile ziwa, kusini ya mji wa Kigoma. Kilomita zipatazo 475 za kuzunguka.

"Kama sisi," nikasema.

"Sisi tumezidi," akajibu. Tulicheka, cha kwanza tangu Jumatano.

Nisikudanganye kwamba msitu ulimaliza kesi yetu. Mkataba alishausaini na hawezi kuuvunja. Nilichofanya ni kumwandikia bosi wangu barua, nikauliza kama Kigoma bado kuna nafasi. Ile ya Mei ilishapata mtu. Nimeambiwa nisubiri, na nasubiri. Wakati huo tumewekeana sheria moja: hakuna kusaini wala kukataa kitu kabla mwenzio hajasikia, hata kama unajua atasema nini. Hasa kama unajua atasema nini.

Kama na nyie mnataka kujaribu

Si lazima mfike Kasulu. Mlioko Dar mna Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe. Moshi kuna msitu wa Rau, karibu kabisa na mji. Lushoto kuna Magamba. Nairobi kuna Karura, ule ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 usigawiwe kwa wajenzi. Popote mtakapokwenda:

Chagueni njia ya mduara. Njia ya kwenda na kurudi palepale inampa kila mmoja kisingizio cha kugeuka. Ya mduara, ukishafika katikati, mbele na nyuma ni sawa.

Ombeni ruhusa. Msitu wa kijiji, nendeni ofisi ya kijiji. Msitu wa hifadhi, ulizeni ofisi ya misitu ya eneo hilo kuhusu kibali na ada. Na mchukueni mwenyeji, mumlipe vizuri.

Bebeni vitambulisho. Kasulu na Kibondo ni wilaya za mpakani, na njiani mnaweza kuulizwa mara kadhaa.

Vaeni rangi ya udongo au khaki, mikono mirefu. Bluu na nyeusi ziacheni nyumbani. Manukato pia, dada yangu.

Raba mpya hapana. Tafadhali. Maji lita moja na nusu kila mtu, na plasta mfukoni.

Simu zima. Kama kuna jambo gumu la kusema, lisemeni mkiwa mnatembea. Mtu anayetazama njia anasikiliza vizuri kuliko mtu anayetazamwa usoni.

Na mwenye mwendo mdogo atangulie.

Mume wangu alikuja Dar mwezi uliopita. Tulikwenda Kariakoo kutafuta mapazia, ya nyumba ya Kasulu safari hii. Pale kwenye kona ya kwanza akasimama, akanisogeza mbele kwa mkono, akasema, "Tangulia." Nilitangulia. Nilisimama kwenye vitenge, nikasimama kwenye viatu, nikasimama kwa mama wa karanga. Tulipofika duka la mapazia lilikuwa limefungwa.

Hakuuliza mbona nimechelewa. Tukutane mwezi ujao.